Kompyuta Zilizovaa Vitambaa

Cucu Wangare hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuangalia viti. Haukuwa umbea, ni mazoea ya mikono yake tu. Kule mtaani Kaptembwo nyumba inaweza kuwa chumba kimoja cha mabati, pazia likitenganisha jiko na kitanda, lakini viti vitavikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe kama maziwa ya asubuhi. Redio itavikwa chake, televisheni chake, na hata jagi la maji litafunikwa kofia yake ndogo yenye shanga pembeni. Vingi vya vitambaa hivyo vilitoka mikononi mwa Cucu, na vilivyobaki vikatoka katika mikono aliyoifundisha.

Kwa hiyo siku aliyoingia mara ya kwanza katika chumba cha mjukuu wake, nyuma ya kanisa, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba kompyuta zilikuwa uchi.

"Abby," alisema, akishikilia mlango, "mbona umeziacha hivi? Wageni wakija?"

"Wageni gani, Cucu? Hakuna anayekuja."

Alilisema hilo akitabasamu, lakini Cucu alimlea tangu akiwa na miaka minne, na tabasamu la kweli la mtoto huyo alilijua. Hili lilikuwa la kuazima.

Abby alikuwa amebeba jina la Cucu. Kwenye kitambulisho alikuwa Abby Wangare, mzaliwa wa kwanza wa kike wa mwanawe, na kama desturi inavyotaka, mtoto huyo ni nyanyake aliyezaliwa tena. Alipomaliza chuo alirudi kukaa na Cucu. Hapo ndipo afisi moja ya Milimani iliponunua kompyuta mpya na kutoa zile za zamani, tano, kwa yeyote atakayezibeba. Abby alizibeba. Alizifungua, akazipangusa vumbi, akazitia programu ambayo haidai mashine yenye nguvu wala haidai leseni ya mtu. Aliiita Linux. Akaliomba kanisa chumba ambamo viti vya plastiki vilikuwa vikiwekwa, ili awafundishe watu.

Mzee Jamleck, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alimpa chumba kwa sharti. "Viti vinanyeshewa huko nje, msichana," alimwambia. "Nakupa mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi. Ukiwa na majina kumi kwa kitabu, chumba ni chako. Yakiwa tisa, viti vinarudi."

Jumapili hiyo ilikuwa imebakiza wiki mbili, na kitabu kilikuwa na majina matatu. Viti vikirudi, Abby angekwenda Salgaa, ambako lojing'i moja ilikuwa inamngojea kukaa mapokezi na kuwapa madereva wa malori funguo za vyumba. Cucu hakuisema vibaya kazi hiyo. Kazi ni kazi. Ila kila jina la Salgaa lilipotajwa, aliinuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Alikuwa bado amesimama pale mlangoni wasichana wawili walipopita na kuchungulia. Mmoja alikuwa Lynn, binti wa muuza mboga wa pale kona, mwenye nywele za rangi ya zambarau na mdomo usio na breki.

"Sasa Abby! Kwani hapa ni mochari?" aliuliza. "Hizo skrini zako zinakaa kama za kuandikia maiti."

"Zinafanya kazi vizuri kuliko za duka la intaneti la ng'ambo ya barabara," Abby alijibu.

"Sawa, boss. Lakini za ng'ambo ya barabara zinawaka."

Wakaenda zao wakicheka. Cucu aliinama kuangalia skrini. Ni kweli, ilikuwa ya kijivu kama mawingu ya Julai, na maandishi madogo meupe yamejibana pembeni kama watoto waliochapwa.

"Kizuri ni cha ndani," Abby alisema, kana kwamba kuna mtu amemuuliza.

 Cucu tayari alikuwa anapima kwa macho: upana shubiri tatu, urefu mbili na nusu.

*

Jumanne Abby alikwenda mjini kutafuta waya. Alipogeuka tu kona, Cucu aliingia chumbani na mfuko wa vitambaa vyake vizuri kabisa, vile ambavyo hutoka sandukuni Krismasi na siku ya mahari. Alizivika kompyuta zote tano. Kila skrini ilipata kitambaa cha kuning'inia kichwani, na kila sanduku lake kubwa la chini likapata shuka lililolizunguka pande zote, likafungwa kwa utepe. Alirudi nyuma hatua tatu akatazama. Chumba kilikuwa kimekuwa sebule.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa Chemutai, fundi wa kushona sare za shule, mmoja wa wale watatu wa kitabuni. Alishika mashavu.

"Wah! Cucu! Sasa hapa mtu anaweza kuletewa chai!"

"Ingia mama, keti. Abby anarudi sasa hivi."

Chemutai aliketi. Alikuwa anaandika barua kwa mwalimu mkuu wa sekondari moja, kuomba cherehani yake ishone sare za shule hiyo. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Saa nzima ikapita. Mashine ikaanza kunguruma. Cucu aliinamisha sikio akafurahi, kwa maana paka akipakatwa vizuri naye hunguruma. Ngurumo ikapanda, ikawa kama ya posho mill ikisaga mahindi. Halafu, bila kuaga, skrini ikazimika.

Chemutai alibaki na kidole hewani. "Cucu... barua yangu imeenda wapi?"

Abby aliwakuta wamesimama hivyo, wawili, wakiitazama kompyuta kama watu walio kando ya kitanda cha mgonjwa. Aliweka waya chini. Alipiga magoti, akafungua utepe, akaondoa shuka taratibu, akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku. Palikuwa moto kama sufuria.

"Hapa ndipo inapopumulia, Cucu," alisema polepole. "Haya matundu. Ilikosa hewa."

Cucu Wangare alikuwa amezika mume, na kuvuka miaka ya ukame, na kulala kanisani na wanawe wakati wa machafuko, na hakuwa mtu wa kulia ovyo. Lakini sasa alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Ni kama alikuwa amemfunika mtoto blanketi usoni, akidhani anampa joto.

"Nimeiua?" aliuliza.

"Hatujui. Tungoje ipoe."

Walingoja. Abby alizivua zile nyingine nne, na Cucu akayapokea mashuka moja moja, akiyakunja, bila kuinua macho. Chemutai alivuta kiti. "Mimi barua nitaandika tena," alisema. "Sasa najua herufi ziko wapi. Hata ile M iliyokuwa inajificha."

Baada ya nusu saa Abby alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Taa ndogo ikafumbua jicho, na ule ukijivu ukarudi, mbaya vile vile, na Cucu akashukuru Mungu kwa kuuona.

*

Kesho yake alasiri walikaa kwenye ngazi ya jikoni wakimenya minji, zile njegere za kijani. Cucu alikuwa hajafuma tangu jana, na kufuma alifuma hata kwenye matanga. Abby aliliona hilo.

"Cucu, usijisumbue. Haikuharibika."

"Nilitaka tu watu waingie."

"Najua. Lakini mtu anayeingia kwa sababu ya kitambaa si mwanafunzi. Programu hii ni nzuri sana. Haiingiwi na virusi hovyo, haikwami, haikuambii ulipe upya kila mwaka. Watu wangekaa nayo wiki moja tu, wangeona."

"Na wewe?" Cucu alisema, akipasua ganda kwa kidole gumba. "Siku ya kwanza ulipoiona, ulipendea nini? Virusi?"

Abby alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaanza kucheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake mwenyewe.

"Aki Cucu, usiniulize."

"Nimeshauliza."

"Kulikuwa na kijana darasani, Kiprotich. Alikuwa na laptopu iliyovunjika bawaba. Akishika dirisha kwenye skrini na kulivuta, dirisha linatikisika kama jeli. Akiliacha linacheza, halafu linatulia. Na rangi ilikuwa ya machungwa na zambarau, kama jua likishuka kule Menengai. Nilisimama nyuma yake nikasahau somo. Nikamwuliza, hiyo ni nini? Akaniambia ni ya bure, kesho lete yako nikuwekee."

"Kwa hiyo uliingia kwa sababu ya dirisha linalocheza."

"Eeh."

"Na ukabaki kwa sababu ya nini?"

"Hayo mengine sasa. Ya ndani."

Cucu alitupa minji kwenye bakuli. "Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Naita bila mdomo, wakishafika nanyamaza."

Abby alifikiri. "Kengele?"

"Kengele ina ulimi. Na haijui kunyamaza."

"Harufu ya chapati?"

"Umekaribia, lakini hapana."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Salgaa."

Mkono wa Cucu ulisimama katikati ya ganda. "Salgaa siutaki," alisema. "Kaa na mji wako, na mimi nikae na jibu langu."

Wakaendelea kumenya. Kitambaa kimoja kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba, kile cha mfano wa nanasi, na jua lilipita katika matundu yake likaandika nanasi jingine, la kivuli, juu ya ukuta wa mabati. Abby alikitazama kivuli kile. Akaacha minji, akainuka, akatoa simu na kupiga picha: ya kitambaa, halafu ya kivuli.

"Unafanya nini?"

"Hii naweza kuiweka ndani ya kioo, Cucu. Iwe ndiyo uso wa kompyuta. Haitazuia pumzi."

Cucu aliogopa. "Na wenyewe watakubali? Hao waliotengeneza hiyo programu? Usije ukashikwa kwa sababu yangu."

"Wenyewe ndio sisi. Hiyo ndiyo maana ya programu huria. Mtu ameitengeneza, akaiacha wazi. Unaichukua, unabadilisha unachotaka, unampa mwingine, naye anaongeza chake."

Cucu alimtazama mjukuu wake kama mtu aliyesafirishwa mbali kisha akashushwa mlangoni kwake.

"Kumbe ni kama mfano wa kitambaa," alisema.

Kwani wao, wanawake wa kikundi cha kufuma, walikuwa wamefanya nini miaka hii yote? Huyu amekuja na mfano wa nanasi kutoka kwa shangazi yake wa Molo. Wameketi, wamehesabu vitundu, kila mmoja ameuchukua. Mwingine ameongeza safu moja pembeni. Mwingine amegeuza majani. Hakuna hata siku moja mwanamke aliyesema mfano huu ni wangu, usiuguse. Mfano uliofichwa hufa na mwenyewe, na hilo walilijua.

"Lete hilo sanduku langu," Cucu aliamuru. "Usichukue huo mmoja peke yake. Kompyuta ni tano."

*

Walifanya kazi siku nne. Abby alikaa mbele ya mashine na Cucu akakaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, akiamuru kama fundi mkuu.

Aliikataa ile kijivu yote, hata ya pembeni. Alichagua rangi kwa kuleta nyuzi na kuziegemeza kwenye kioo: kijani cha majani ya chai, na manjano ya mahindi mabichi, na nyekundu ile ya udongo wa Njoro ukilowa. Herufi zikakuzwa mpaka aweze kuzisoma bila miwani. "Kama mimi nasoma, nani atashindwa?" alisema. Alipoona kijipicha cha mraba mdogo mweusi aliuliza ni nini, Abby akamwambia ndicho cha kuhifadhi kazi, ni picha ya diski, kitu cha zamani ambacho hakuna anayekitumia tena.

"Sasa mtu atajuaje? Weka ghala."

Abby alichora ghala dogo la mahindi lenye paa la nyasi, akaliweka. Hakuna aliyewakataza.

Kila kompyuta ilipata mfano wake. Ya kwanza nanasi. Ya pili ua la pareto. Ya tatu feni, na ya nne nyota saba zilizoshikana mikono. Kwa ya tano Cucu alichelewa sana. Alishuka mpaka chini kabisa ya sanduku na kutoa kitambaa kilichozungushiwa gazeti.

"Hiki sikukifuma mimi," alisema. "Ni cha Mama Karanja."

Mama Karanja alikuwa mke wa Mzee Jamleck, na alikuwa ameaga dunia miaka mitatu iliyopita. Kitambaa chake kilikuwa na maua manane, na katika kona moja tu, si zote nne, alifuma jani. Watu walimwambia amesahau kona tatu. Yeye alisema jani moja linatosha, mengine jicho litamalizia lenyewe. Cucu alikichagua kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyake, na mfumaji wa kweli hukubali hilo.

*

Jumapili ya mwisho ya mwezi ilikuja na jua safi. Kitabu kilikuwa na majina matatu yale yale. Cucu alimwambia Abby ageuze meza zote ziangalie mlango, kisha afungue mlango mpaka mwisho, aweke jiwe.

Ibada ilipomalizika wanawake wakatoka na Biblia zao kwapani, wakielekea lango. Wa kwanza kupita alipita. Wa pili akasimama ghafla mpaka wa nyuma akamgonga.

"Ngai! Si hiyo ni nanasi yetu?"

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo, ndani ya televisheni!"

"Si televisheni, ni kompyuta. Hebu songa nione. Cucu Wangare, umeingiaje huko ndani?"

Wakajaa mlangoni. Chemutai, ambaye alikuwa amewahi kuketi, akageuka kama mwenyeji. "Karibuni, karibuni, msiogope. Hapa unaandika. Ukimaliza unatia kwa ghala. Si mnaona ghala?" Mmoja akauliza kama anaweza kuweka mfano wake pia, ule wa mkia wa tausi. Abby akamwambia anaweza, lakini itabidi ajifunze kuipeleka picha kutoka kwa simu mpaka kwenye mashine, na kuipunguza, na kuihifadhi. "Hiyo ni masomo ya siku mbili," alisema. Mwanamke yule akachukua kalamu, akaandika jina lake kabla hajaulizwa.

Hata Lynn alipenya kati ya mabega. Alinyamaza muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake. "Mathe," alimwambia Cucu, "hii ni noma. Wanauza wapi?"

"Haiuzwi, mwanangu. Inafundishwa."

"Inaweza kuwa ya zambarau?"

"Nywele zako zimekuwa, itashindwa hiyo?"

Lynn akaandika jina, na watatu wengine baada yake.

Jioni haijafika, watu walipungua, na Mzee Jamleck akatokea. Hakuja mikono mitupu. Alikuwa amekumbatia viti sita vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kofia yake ikichungulia kwa juu. Aliviweka chini kizingitini, akafuta jasho, akaomba kitabu. Alikisoma kwa kidole.

"Nane," alisema.

"Nane, mzee," Abby alikubali.

"Tulisema kumi."

"Ndiyo. Tulisema kumi." Sauti yake haikutetemeka. Cucu aliisikia jinsi ilivyoshikwa kwa nguvu isitetemeke, akashika ukingo wa meza.

Mzee alitikisa kichwa, si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno likishatoka humlemea mwenyewe kwanza. Akainua macho kupima mahali pa kuweka viti. Macho yakapita nanasi, pareto, feni, nyota. Yakafika kompyuta ya tano.

Alivua kofia.

Alitembea mpaka pale polepole, kama anayeingia nyumba iliyo na mtu amelala. Alinyoosha mkono, na kwa ncha ya kidole akagusa kona ya chini ya kioo, kona ya kushoto, pale penye jani.

"Hili jani," alisema.

Kidole kikalizunguka lile jani.

"Wake za wanangu walileta viti vipya. Vya ngozi. Vitambaa vya zamani wakasema vimechakaa. Sikuuliza vilikwenda wapi." Alimeza mate. "Nilidhani vimeisha, Wangare."

"Alinipa kimoja nilipomwoza mwanangu," Cucu alisema. "Nimekitunza. Kesho nitakuletea."

"La, kaa nacho." Mzee alivuta kimoja cha vile viti sita, akakiweka mbele ya kompyuta, akaketi, kofia magotini. Alitazama kwa muda mrefu. Mwishowe akaanza kuuona na ubao wa herufi, na kile kipanya kando yake.

"Msichana. Mtu akitaka kuandika chini yake hapa, ya kwamba kilifumwa na nani, anabonyeza wapi?"

Abby alikuja akapiga magoti kando yake. "Nitakuonyesha, mzee. Lakini si kwa dakika moja."

"Nina wiki ngapi?"

"Si ni wewe unayezihesabu?"

Mzee akacheka, kicheko kikavu kilichokuwa hakijatumika siku nyingi. "Niandike. Jamleck."

Abby aliandika, kisha akainua uso. Cucu alijua atakalolisema, maana ndivyo alivyomlea, na kwa mara ya kwanza akajuta kidogo. "Ni tisa sasa, mzee. Si kumi."

"Nimeona. Tisa." Mzee aliangalia viti vitano vilivyobaki kizingitini, halafu akaangalia lile jani. "Stoo yangu ina nafasi. Viti havili. Vitakaa kwangu mpaka wa kumi apatikane, na mimi sina haraka ya kumtafuta."

*

Vilivyokuwa nje vingekwenda stoo, lakini alipoondoka aliviacha vile viti sita. Alisema kwa wanafunzi tisa na kompyuta tano, lazima wengine wakae wakingoja.

Abby alizima mashine moja baada ya nyingine. Cucu alimfuata nyuma, na kila alipofika aliinama na kuweka kiganja ubavuni mwa sanduku, kwenye yale matundu, kuhisi kama linapumua. Yote yalikuwa vuguvugu tu, kama shavu la mtoto mzima.

"Cucu," Abby alisema akifunga mlango, "kile kitendawili bado kinanisumbua. Nimeshindwa kabisa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Salgaa. Chukua wote, na lojing'i zake na malori yake. Mimi siuhitaji tena."

Cucu Wangare alimshika mkono mjukuu mwenye jina lake, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani.

"Leo nitaupokea," alisema. "Jibu ni sura. Sura njema huita bila mdomo. Wakishafika hunyamaza, ili cha ndani kiongee."

Hatua chache mbele alisimama akafungua mfuko wake. Sindano ya kufumia ilikuwa pale pale alipoiacha Jumanne ile, imechomekwa kwenye uzi. Akaitoa, akaanza safu mpya akitembea.